Utosi Wenye Doa: Uhakiki wa Uzao Mmoja wa Kuku Oldeani

Kazi inayohakikiwa hapa ni uzao mmoja wa kuku wa uani: vifaranga walioanguliwa Oldeani, wilayani Karatu, kutokana na mitetea wa milia wa Plymouth Rock waliopandwa na jogoo mweusi wa aina ambayo wafugaji wetu wanaiita kuku wa Malawi, yaani Black Australorp. Katika mazungumzo ya kila siku kifaranga huyu huitwa chotara tu, kama wanavyoitwa Kuroiler na Sasso wanaoletwa kwenye maboksi wakiwa na umri wa siku moja. Jina hilo ni pana mno kwa kazi yetu. Nitamwita chotara-bainifu, kwa kuwa sifa yake kuu ya kifani ni kuidhihirisha jinsi yake siku ileile anapotoka kwenye ganda: jike ana utosi mweusi mtupu, dume ana doa jeupe utosini.

Uzuri wa doa hilo hauonekani vizuri bila kuutazama kwanza muundo unaolizaa. Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, Z na W, ilhali dume ana Z mbili. Ni kinyume cha binadamu. Jeni ya umilia imekaa kwenye Z. Mama wa milia basi anayo nakala moja tu, na nakala hiyo hana njia ya kumpa binti, kwa maana anachompa binti ni W. Z yake yote huenda kwa mwana wa kiume. Baba mweusi hana umilia kwenye Z yoyote kati ya zake mbili. Binti akishapokea Z ya baba na W ya mama, hana umilia kabisa. Mwana hupokea Z tupu kutoka kwa baba na Z yenye umilia kutoka kwa mama, na kwa kuwa umilia hutawala, huonekana. Huu nauita urithi mshazari: vazi la mama humwendea mwana, na binti huvaa la baba. Sijui muundo mwingine uani wenye urari mkali kiasi hiki, ambapo kila mzazi anaonekana kwa mtoto asiye wa jinsi yake.

Urari huo hutegemea nani amewekwa wapi. Geuza nafasi tu, jogoo halisi wa milia ampande mtetea mweusi, na vifaranga wote, majike kwa madume, watatoka na doa. Malighafi ni ileile, jeni ni zilezile, lakini maana imetoweka kwa sababu mpangilio umebadilika. Mhakiki wa ushairi aliyezoea kuona beti zikipoteza nguvu kwa kuhamishwa mshororo mmoja hatashangaa.

Kanuni yenyewe ina umri wa zaidi ya karne. Mmarekani W. J. Spillman alieleza mwaka 1908 kwamba umilia wa Plymouth Rock hurithiwa kwa kufungamana na jinsi. Huko Cambridge, Reginald Punnett, yuleyule ambaye wanafunzi wetu wa sekondari wanamjua kwa jedwali la urithi lenye jina lake, alitambua kwamba maarifa hayo yanaweza kumsaidia mfugaji kutenga vifaranga kwa rangi ya manyoya tu. Tangu hapo mfugaji wa uani akawa na uwezo wa kupanga kazi hii kwa jogoo mmoja na mitetea michache, bila maabara.

Tumshike sasa kifaranga mkononi, akiwa amekauka vizuri, maana manyoya mabichi hulala na kuficha kila kitu. Hapa msomaji asiye makini hupotezwa na kitu kimoja: kifaranga wa asili nyeusi huwa na weupe mwingi tumboni, kidevuni na kwenye ncha za mabawa, awe jike au dume. Weupe huo hausemi lolote kuhusu jinsi. Mgeuze, umtazame kwa juu, kisogoni na utosini. Doa la dume halina umbo la duara safi. Kingo zake zimetawanyika, kana kwamba rangi imepungukiwa pale katikati ya weusi. Kwa mmoja ni pana, kwa mwingine ni manyoya machache tu yaliyopauka. Fani haikukusudia doa zuri. Ilikusudia doa liwepo au lisiwepo, na ni katika ukavu huo wa uamuzi ndipo ninapoona ustadi wake.

Wiki zinavyopita, dume hubadilisha maandishi. Doa humezwa na manyoya mapya na mwili mzima huanza kuonyesha milia. Chukua unyoya mmoja wa bawa: mstari mweusi, mstari mweupe, mweusi tena, hadi shinani. Unyoya hukua kutoka kwenye ngozi, hivyo ncha ndiyo sehemu ya zamani zaidi na shina ndilo jipya. Watafiti wameuhusisha umilia na mabadiliko katika jeni iitwayo CDKN2A, ambayo hufanya seli za rangi zikomae na kuisha mapema, kisha zijazwe upya. Kila mstari mweupe ni kipindi ambacho rangi ilikosekana. Milia ni wizani ulioandikwa kwa muda. Tena dume huyu ana dozi moja ya umilia, kama mama yake, kwa hiyo milia yake ni mizito na yenye giza kuliko ya jogoo halisi wa Plymouth Rock mwenye dozi mbili, ambaye hupauka. Mtu mwenye jicho atamtambua hata akiwa mkubwa.

Kuna chotara-bainifu wa namna nyingine. Jogoo wa Rhode Island Red akimpanda mtetea wa Light Sussex, majike hutoka wa kahawia na madume weupe-njano. Hao husomwa hata na mtoto, toka mbali. Wapo pia wanaosomwa kwa urefu wa manyoya ya bawa katika siku chache za mwanzo, jambo linalotaka mkono mwepesi na mwanga mzuri. Kwa ladha yangu, uzao wa milia na weusi unazidi wote wawili, kwa sababu ya uaminifu wa ukurasa wake. Mwili mweusi hauwezi kuficha umilia. Jogoo akiwa mweusi kote, una hakika hana. Jogoo mweupe anaweza kuubeba chini ya weupe wake bila wewe kujua.

Na hapa ndipo kundi la Oldeani lilipo hatarini. Mabanda hayana kuta kati ya jirani na jirani, na jogoo wa kienyeji hapigi hodi. Kuku wa kienyeji wana milia, wana madoa, wana weupe unaofunika weusi. Jogoo mmoja wa aina hiyo akipita kwa siku chache, uzao mzima haubainiki tena. Kishingo, kuku wa shingo tupu, hana kosa hapa, kwa kuwa jeni yake haihusiani na jinsi na utosi huachwa usomeke. Ila katika baridi ya miteremko hii ya chini ya Mlima Oldeani, penye mashamba ya kahawa na ukungu wa Juni na Julai, kifaranga mwenye shingo tupu anahitaji joto zaidi.

Faida yake kwa mwenye banda iko wazi. Asiyesoma utosi husubiri wiki kadhaa mpaka upanga na ndevu zitofautishe jogoo na mtetea, na muda wote huo pumba na mahindi huliwa na wote sawasawa. Anayesoma huamua siku ya kwanza: majike wa kutaga wapi, madume wa kuuza au kitoweo wapi, na chanjo ya kideri iagizwe kwa wangapi watakaobaki.

Lakini kazi hii hufaa kwa kizazi kimoja tu. Mpandishe dume huyu na dada yake mweusi: nusu ya wana watakuwa na doa, na nusu ya mabinti vilevile, na doa halitakuambia kitu. Kwa hiyo, mfugaji wa Karatu unayependa uzao huu, usiwazalishe machotara wenyewe kwa wenyewe. Watenge mitetea wa milia na jogoo wao wa milia katika banda moja, jogoo mweusi katika lingine, na umlete kwao, wiki kadhaa baada ya kumtoa jogoo wa milia, pale tu unapotaka vifaranga wa kusomwa.