Lugha ya Wimbo wa Wavuvi: Mai au Maji?

Mhakiki anayepewa wimbo wa wavuvi usiotajwa ulikotoka aghalabu huanza kwa kusaka msamiati. Njia hii ina kasoro. Maneno ya bahari husafiri pamoja na vyombo: nahodha na bandari yana asili ya Kiajemi, lakini kuwamo kwake hakuufanyi wimbo uwe wa Waajemi. Hali ni hiyo hiyo Afrika Magharibi, ambako wavuvi Wafante na Waewe wamehamahama kwa vizazi kutoka pwani ya Ghana. Wimbo uliorekodiwa Abidjan si lazima uwe wa lugha ya wenyeji wa Abidjan.

Kwetu, kimai ni mfano mwafaka. Jina la nyimbo hizi za wavuvi na mabaharia linaelekea kaskazini: mai ni maji kwa Kiamu, kama moya ilivyo moja na nti ilivyo nchi. Hata hivyo, washairi wa Mombasa nao waliyatumia maumbo ya Kiamu kwa hadhi yake katika utungo. Kwa hiyo umbo la neno pekee si ushahidi tosha.

Ushahidi madhubuti zaidi ni kina. Anayenukuu kwa Kiswahili Sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, huweza kugeuza mai kuwa maji bila kushtuka, kwani mizani haiharibiki. Silabi hubaki mbili. Lakini pale mai lilipopatana na hai au tai, maji halipatani tena. Kina kilichovunjika humshtaki mnukuzi. Kinyume chake, wimbo ulioandikwa mai huku vina vyake vikidai -ji umevishwa vazi la kaskazini. Ukikosa vina, hatuna budi kutazama sarufi, hasa viambishi vya njeo na urejeshi, maana sarufi haikopwi kwa wepesi wa majina ya vyombo.

Suala hili si la pwani tu. Mwanafunzi wa Kathonzweni anajua kwamba manzi na kiw'u ni maji yale yale, na kwamba Kikamba kina lahaja zake. Akizisawazisha nyimbo za kilumi kwa Kikamba cha vitabuni, atafuta alama zinazoonyesha ziliimbwa na nani, wapi. Ainukuu kwanza sauti ilivyotoka, usanifishaji usubiri. Kanda ikiharibika, nukuu ndiyo itakayobaki shahidi.