Sarafu Kumi na Ndege ya Oda

Chukua sarafu kumi, uzipange mezani. Kila moja ni kituo katika kiwanda cha ndege: hapa panafungwa mabawa, pale panapitishwa nyaya, kule panawekwa viti. Sarafu ikiangukia kichwa, kazi ya kituo hicho imekwisha kwa siku 4. Ikiangukia upande wa pili, siku 6. Wastani ni siku 5, na 5 ndiyo namba itakayoandikwa kwenye mpango. Lakini ndege hizi husogea pamoja kama mabehewa, na hakuna inayoingia kituo kipya kabla ya iliyo mbele yake kupisha. Sasa zirushe zote. Ili laini isogee baada ya siku 4, sharti zote kumi ziangukie kichwa, jambo ambalo kwa kawaida hutokea mara 1 katika mirusho 1,024. Katika mirusho mingine yote, kiwanda kizima kinamsubiri mwenye siku 6. Katika siku 240 za kazi, mpango uliahidi ndege 48. Zitatoka 40.

Hakuna aliyelala kazini wala aliyekosea hesabu ya kituo chake. Ndege nane zimemezwa na neno wastani.

Wako watu ambao kazi yao ni kuirusha mirusho hiyo kwa niaba ya kiwanda, mara maelfu, kabla ribiti ya kwanza haijapigwa. Kazi yao tunaiita uigaji, neno ambalo linawapunja kidogo, kwa kuwa mwigaji kwetu ni mtu anayefuata yaliyokwisha kufanywa na mwingine, ilhali hawa wanaiga jambo ambalo bado halijatokea. Huunda kiwanda ndani ya kompyuta, chenye vituo vyake, mafundi wake, foleni zake na siku zake mbaya, kisha hukiacha kifanye kazi na kukitazama kinavyokwama. Naandika kuwasifu.

Mahali wanapohitajika kuliko pote ni kwenye ndege za oda, na karibu kila ndege kubwa ya abiria ni ya oda. Dreamliner ya Air Tanzania iliyotua Dar es Salaam Julai 2018 ilikuja na twiga mkiani, pamoja na viti na mpangilio wa kabini uliochaguliwa na mwenye kuinunua. Jirani zake kiwandani walikuwa na mapambo mengine na masharti mengine. Jambo hili huharibu hesabu ya zamani iliyo maarufu sana katika tasnia hii. Mwaka 1936 Mmarekani Theodore Paul Wright alionyesha kwamba kila idadi ya ndege zilizotengenezwa inapoongezeka maradufu, saa za kazi kwa ndege moja hupungua kwa takriban asilimia 20. Mkono hujifunza kwa kurudia. Ndege ya oda humnyima fundi marudio: jana alifunga jiko upande wa kushoto, leo mteja mwingine analitaka nyuma, na kesho kuna kabini isiyofanana na yoyote kati ya hizo. Tena vipo vitu vinavyotoka kwa mtengenezaji ambaye kiwanda hakimwamrishi. Mnamo 2015 na 2016 Airbus ilichelewa kukabidhi baadhi ya A350 kwa sababu viti na vyoo kutoka kampuni ya Zodiac havikufika kwa wakati.

Mfano mkubwa zaidi ni ndege ya A380, nayo ni ya Airbus. Ndani ya ndege moja zilipita nyaya za takriban kilomita 530, urefu unaozidi safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Kila shirika lilitaka kabini yake, na kila kabini ilidai njia zake za nyaya. Wahandisi wa Airbus huko Hamburg, Ujerumani, walichora kwa toleo moja la programu ya CATIA, wale wa Toulouse, Ufaransa, kwa toleo jingine, na mafungu ya nyaya yalipofika kwenye uunganishaji yakaonekana mafupi, hayafiki yanapotakiwa kuchomekwa. Ndege za mwanzo ikabidi zipitishiwe nyaya kwa mkono, moja moja, na mamia ya mafundi wa Kijerumani wakapelekwa Toulouse kuifanya kazi hiyo. Kati ya Juni 2005 na Oktoba 2006 Airbus ilitangaza ucheleweshaji mara tatu. Singapore Airlines ilikabidhiwa ndege ya kwanza Oktoba 2007.

Modeli ya foleni, yaani kile kiwanda cha ndani ya kompyuta, isingeuona waya mfupi. Hilo lilikuwa kosa la michoro. Ila matangazo yale matatu yananirudia kila nikiwaza kazi hii. Kosa likishaingia, linasambaa vipi? Ni ndege ngapi zitajipanga nyuma yake, mafundi wahamishwe kutoka wapi, na huko walikotoka patapungua nini? Ratiba ya karatasini haijui kujibu, kwa sababu inaijua siku moja tu ya kumaliza kila kazi. Modeli nzuri hujibu kwa uwezekano: katika miaka 1,000 ya kuigiza, mteja huyu alipata ndege yake kwa wakati katika mingapi? Mwenye jibu hilo mkononi anaweza kutoa ahadi moja, akaishika.

Ufundi huu una wazee wake. Keith Douglas Tocher alikuwa katika kampuni ya chuma ya United Steel, huko Sheffield, Uingereza, alipotengeneza mojawapo ya programu za kwanza za kuigiza kiwanda kizima. Kitabu chake cha 1963 alikiita The Art of Simulation, yaani Sanaa ya Uigaji, na hilo neno sanaa naliona limekaa mahali pake. Huko Oslo, Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula ili waweze kuyaeleza mambo yanayosubiriana. Toleo lao la 1967 lilileta mtindo wa kuandika programu kama jamii ya vitu, kila kimoja na tabia yake, na lugha nyingi zinazoendesha simu na benki leo zimeurithi.

Saa ya uigaji haitembei, inaruka. Fundi akianza kufunga mlango saa mbili asubuhi na atamaliza saa nane, na katikati hakuna kinachobadilika popote, kompyuta haina haja ya kungoja: inaruka hadi saa nane, inamwachilia fundi, inatazama nani alikuwa akimngoja, kisha inaruka tena. Hivyo mwaka mzima wa kiwanda unaweza kwisha kabla chai haijapoa.

Kinachonivutia zaidi ni mbegu. Bahati ndani ya kompyuta hutoka kwenye mfululizo wa namba za nasibu, na mfululizo huo huanzia kwenye namba moja iitwayo mbegu. Rudisha mbegu ileile, na maafa yaleyale yanarudi: mkaguzi yuleyule anaugua Jumanne ileile, shehena ileile ya viti inachelewa wiki tatu. Basi mjenzi wa modeli anaweza kuchukua mipango miwili inayogombaniwa na wakubwa wa kiwanda, akaipitisha yote katika mwaka mmoja mbaya, bila kuuonea wala kuupendelea wowote. Katika maisha hatupewi nafasi hiyo. Aliyefaulu husema ni akili, aliyeshindwa husema ni mkosi, na hakuna awezaye kuurudisha mwaka ili tujue.

Lakini yote hayo husimama juu ya kazi ambayo haifanywi na kompyuta: kushuka karakanani kuuliza. Mjenzi mzuri humuuliza fundi maswali matatu. Ukiwahi sana, kazi hii inakuchukua muda gani? Kwa kawaida je? Na siku mbaya je? Swali la tatu ndilo lenye hazina. Hapo ndipo atasikia kwamba ndani ya tangi la mafuta lililo kwenye bawa hutosha mtu mmoja au wawili, hivyo ukileta kumi wanane watasimama nje. Atasikia kwamba gundi ya kuzibia tangi hukauka kwa saa zake, haimjui meneja. Kwamba kitambaa cha nyuzi za kaboni kilicholoweshwa gundi hutunzwa kwenye friza, na kikitoka kina saa zake za kutumika, zikipita hakifai. Asipoyaandika haya, atajenga kiwanda kizuri ambacho hakipo.

Kisha anajitia kwenye mtihani. Modeli hupewa oda za mwaka uliopita na kutakiwa itoe yaliyotokea kweli. Isipoweza kusimulia jana, hairuhusiwi kuzungumzia kesho. Mjenzi anayeukwepa mtihani huu simhesabu katika ufundi huu, hata michoro yake iwe ya rangi gani.

Na majibu yanayotoka aghalabu hayasemi watu wakimbie. Husema: msipange ndege mbili zenye kabini nzito zifuatane, kati yake wekeni iliyo nyepesi ili kituo kipumue. Fundisheni kikosi kimoja kazi ya vituo viwili. Acheni nafasi tupu moja kabla ya kituo cha nyaya. Ni mambo ya kawaida kabisa, na kila moja lina mzee fulani karakanani aliyekuwa akilisema kwa miaka bila kusikilizwa, kwa kuwa hakuwa na namba.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Waigaji wamepata namna ya kumzaa mjukuu huyo mapema, angali hana gharama, wakamtazama usoni kisha wakabadilisha mpango.

Msomaji, huhitaji kiwanda cha ndege ili uanze. SimPy, programu ya uigaji inayotumia lugha ya Python, ni ya bure. Jirani yako yupo fundi wa mageti au seremala anayefanya kazi kwa oda, mwenye wateja wanaolalamika na daftari lililojaa tarehe zilizopita. Nenda na kalamu, ukae naye, umuulize siku mbaya kazi humchukua muda gani.