Istilahi za Ugonjwa wa Siliaki: Neno "Nafaka" Lichunguzwe

Istilahi ya tiba haipimwi kwa uzuri wa sauti yake tu. Hupimwa pia kwa jambo atakalolitenda mgonjwa baada ya kuisikia. Kwa kipimo hicho tumeyatazama maneno yanayojitokeza mara kwa mara watu wanapojaribu kuueleza ugonjwa wa siliaki kwa Kiswahili, na tumeona kasoro ambazo hatuna budi kuzitaja.

Yafaa tuanze na dhana yenyewe. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Kwa mwenye siliaki, gluteni huichochea kinga ya mwili kuushambulia utando wa utumbo mwembamba, hata chakula kikaliwa pasipo kufyonzwa. Mtoto huharisha, tumbo huvimba, naye hakui. Daktari Mholanzi Willem Dicke aliuonyesha uhusiano huo na ngano katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Tiba ni kuiacha gluteni maisha yote.

Jina la kwanza tunalolikataa ni "mzio wa ngano". Mzio huo ni maradhi mengine, na watoto wengi hupona wakikua. Mzazi akiambiwa kuwa mwanawe ana mzio, atamrudishia mkate siku atakapomwona amenawiri, na utumbo utaharibika upya. La pili ni "ugonjwa wa ngano". Kwa bwana shamba, hilo ni jina la maradhi yanayoushika mmea, kama vile kutu.

Kosa kubwa zaidi limo katika agizo hili: "Mgonjwa asile nafaka." Tulipeleke agizo hilo Kibondo na Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Huko mahindi, mtama na ulezi vyote ni nafaka, na hakuna hata kimoja kati yake chenye gluteni. Muhogo, ndizi na maharage navyo havina. Ngano huingia nyumbani hasa kwa njia ya chapati, maandazi na mkate. Mama atakayelitii agizo hilo neno kwa neno atamnyima mtoto ugali wa mahindi na uji wa ulezi, ambavyo vingemfaa, hali mtoto tayari amedhoofu. Neno moja pana mno litakuwa limemwongezea njaa.

Jambo hili lina uzito wa pekee mahali ambapo mlaji hajichagulii chakula. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Ile ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015. Miongoni mwa vyakula vya msaada vitolewavyo duniani upo unga wa uji ulioongezewa virutubisho, nao hutengenezwa kwa mahindi na soya au kwa ngano na soya. Yote miwili ikiitwa "unga wa lishe" tu, tofauti inayomhusu mgonjwa hufichika. Wala hofu hii si ya kubuni: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta watoto wa Kisahrawi, ambao jamii yao ilikuwa imezoea msaada wa unga wa ngano, wakiwa na siliaki kwa kiwango cha zaidi ya 5 katika kila 100.

Je, gluteni nayo iitweje? Utaratibu wetu hutuelekeza kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lugha za Kibantu. Tumeyapima "gundi" na "ulimbo", kwa kuwa donge la ngano likioshwa majini, wanga huondoka na kubaki kitu kinachonata na kuvutika. Lakini gundi ni ya kubandikia karatasi, na ulimbo ni wa kunasia ndege. Wala yote mawili hayataji protini. Hapa mkopo ni halali.

Kwa hiyo tunapendekeza "siliaki" na "gluteni", pamoja na "chakula kisicho na gluteni" na "unga usio na gluteni", kwa upatanisho kamili wa ngeli. Unga wa mahindi uliosagwa katika mashine isagayo pia ngano usiitwe hivyo. Na popote penye agizo la daktari, "nafaka" ifutwe, yaandikwe majina matatu: ngano, shayiri, rai. Kisha yatajwe pia yale yanayoruhusiwa, mahindi yakiwa ya kwanza.