Arawelo ni shujaa, si jikedume

Katika hadithi za Kisomali zinazosimuliwa Garissa, wamo wanawake wawili wa ajabu: Dhegdheer, jina lenye maana ya 'sikio refu', anayekula watu; na malkia Arawelo, aliyewapokonya wanaume utawala. Wote wawili huishia kuuawa. Yaani mwanamke akiwa na nguvu lazima atishe, kisha afe? Kiswahili nacho kina lawama. Mwanamke jasiri tunamwita 'jikedume', kana kwamba ujasiri kauazima kwa mwanamume, ilhali 'shujaa' ni neno la wote. Basi wewe unayewaandikia vijana riwaya za fantasia, mchukue Arawelo, mwache ajisimulie mwenyewe. Msichana wa Garissa naye asome kisa ambacho mwanamke mwenye nguvu anabaki hai.