Probox: sheria ya mizigo ilivyozaa gari gumu

Panda kutoka Meru kuelekea Maua, au simama stendi ndogo yoyote ya Kanda ya Ziwa ya Tanzania ambako abiria husubiri michomoko, yaani magari madogo ya abiria, utaliona gari lile lile: kisogo kimekatwa wima, bampa nyeusi isiyopakwa rangi, taa za kawaida kabisa. Wapenzi wengi wa magari huidharau Toyota Probox kwa sababu ya sura. Mimi naiweka miongoni mwa magari yaliyobuniwa kwa akili zaidi katika karne hii, na sababu zangu ni za kiufundi.

Probox ilitoka mwaka 2002 kushika nafasi ya Corolla Van. Mteja aliyelengwa hakuwa familia bali kampuni ya Kijapani yenye mafundi na wauzaji wanaozunguka kutwa. Kule Japani gari dogo la mizigo huandikishwa kwenye kundi la namba 4 na kulipiwa kodi ndogo kuliko gari la abiria, ila kwa sharti kwamba eneo la mzigo lizidi eneo la abiria. Sharti hilo ndilo lililochora gari zima. Kiti cha nyuma cha toleo la van kikawa chembamba, mgongo wake umesimama. Mlango wa buti ukawa wima ili maboksi yapangike hadi karibu na paa. Sakafu ya mzigo, kiti kikilazwa, ikafika takriban mita 1.8. Abiria wa nyuma anayeumwa mgongo baada ya saa mbili ana haki ya kulalamika, lakini ajue hakusahauliwa kwa bahati mbaya.

Nyuma waliweka springi za koili ngumu, zilizopimwa kwa kilo 400 za mzigo pamoja na watu wawili. Ndiyo maana gari likiwa tupu hurukaruka kwenye matuta, na likipakiwa hutulia. Tairi za van nazo si za gari dogo la kawaida: ni za aina ya LT, zenye kuta nene za kuhimili uzito. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu kazi ya wahandisi. Tairi zikiisha mtu ananunua za bei nafuu za saluni, kisha anapakia mahindi magunia matano. Wengine huongeza springi ili gari lisikae chini. Springi ya ziada huinua gari. Haiongezi nguvu ya breki, haiongezi uwezo wa beringi, wala haifanyi tairi ibebe kuliko ilivyoandikwa. Gari lililosimama vizuri kwa macho linaweza kuwa limezidiwa kabisa, na dereva akalijua hilo mteremkoni. Kupakia watu kumi kwenye gari la viti vitano ni kuchezea roho za watu, hata kama injini inavuta.

Na kweli inavuta. Injini ya 1NZ-FE, sisi 1,500 kwa hesabu ya kijiweni, ndiyo ile iliyofungwa kwenye Vitz, Platz, Ist, Fielder na nyingine nyingi, kwa hiyo spea zake zipo hadi mji mdogo. Utamu wake uko kwenye VVT-i. Kompyuta hufungua vali ndogo inayopeleka oili yenye presha hadi kwenye kichwa cha kemshafti ya upande wa kuingiza hewa, na presha hiyo huizungusha kidogo mbele au nyuma. Gari likiwa sailensa, vali za hewa huchelewa kufunguka na injini hutulia. Likipanda mlima na mzigo, vali huwahi kufunga, hewa iliyokwisha kuingia hairudi nyuma, na nguvu hupatikana bila kupandisha mizunguko juu sana.

Angalia basi kinachofanya kazi yote hiyo: oili. Ikichelewa kubadilishwa, uchafu hunasa kwenye kichujio kidogo cha vali ile, gari likaanza kuwa zito au kutetemeka. Cheni ya taimingi nayo, ambayo watu husema ni ya maisha, huchakaa na kulia kwa sababu hiyo hiyo. Kabla ya kununua, omba gari ambalo halijawashwa tangu usiku. Liwashe, fungua boneti, sikiliza upande wa cheni. Mlio wa kukwaruza usioisha baada ya sekunde chache ni gharama inayokusubiri.

Mwaka 2014 sehemu ya mbele iliundwa upya na giaboksi zote zikawa CVT. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lililozidi miaka 8, hivyo zinazoshuka Mombasa sasa ni za aina hiyo. CVT hutumia mkanda wa chuma kati ya puli mbili. Haipendi joto la mzigo kupita kiasi, na hutaka oili yake maalumu; ukiweka ya giaboksi ya kawaida, umeiua. Kwa kazi nzito ya barabara za vumbi, toleo la zamani la gia za mkono bado ndilo bora.

Kuhusu kilomita, usiiamini dashibodi peke yake. Omba cheti cha kuondoa gari Japani, kinachoonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Van za mizigo hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza, hivyo rekodi yake huwa ya karibuni. Mimi, kwa bei moja, nitachukua van ya kampuni yenye kilomita 180,000 na cheti kinachokubaliana na dashibodi, niiache inayong'aa yenye kilomita 70,000 ambayo muuzaji hana karatasi yake.