Almasi ya Mtambo na Neno "Bandia"

Katika mji wetu wa Maganzo habari ya almasi haihitaji gazeti wala redio ili ienee. Hutoka katika mgodi wa Mwadui ulio jirani yetu, hupita kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, na kabla ya jua kuchwa mama auzaye karanga sokoni aijua sawasawa na dalali. Walakini iko habari moja iliyotufikia kutoka mbali, tena imetufikia ikiwa imepotoka. Ndiyo habari ya almasi zinazotengenezwa kwa mtambo. Twataka kuipima hapa, maana twaona ya kuwa wanaoisimulia, nasi tumo, hawakuitendea haki, na kosa hilo laweza kuwapoteza watoto wetu.

Habari hiyo husimuliwa kwa maneno matatu. La kwanza, ya kwamba almasi za mtambo ni bandia. La pili, ya kwamba ni safi, na za mgodini ni chafu. La tatu, ya kwamba mambo hayo ni ya watu wa ng'ambo, hayatuhusu sisi. Tuyachukue moja moja.

Katika neno la kwanza hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe. Darasani tuliwaambia wanafunzi ya kuwa mtambo hauwezi kufanya almasi, ila kitu kinachofanana nayo, kama kioo kizuri. Wakaandika hivyo katika madaftari yao. Siku nyingine, tulipokuwa tukifundisha habari za maji, msichana mmoja akainua mkono akauliza: "Mwalimu, barafu iliyo juu ya Kilimanjaro na barafu ya friji, ipi ni bandia?" Wenziwe wakacheka. Sisi hatukucheka, maana tulifahamu mara moja ya kuwa swali lile halikuwa la barafu tu. Jioni tukafungua vitabu, na vitabu vikawa upande wake.

Mwaka 1772 Mfaransa Lavoisier aliichoma almasi kwa kioo kikubwa kikusanyacho mwanga wa jua, akaona ya kuwa hewa iliyotoka ni ile ile itokayo katika makaa yawakayo. Mwaka 1797 Mwingereza Smithson Tennant akathibitisha ya kuwa almasi ni kaboni tupu. Basi makaa tunayopikia na jiwe lile la thamani ni ndugu. Tofauti yao ni jinsi chembe za kaboni zilivyoshikana. Almasi za mgodini zilifanyika chini ya ardhi, kina cha kilometa 150 na zaidi, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, kisha mlipuko wa volkano ukazipandisha juu. Shimo la mlipuko wa Mwadui ni la hekta 146, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyochimbwa duniani.

Mwezi Desemba 1954 wataalamu wa kampuni ya General Electric, Marekani, waliliiga tendo hilo. Waliibana kaboni katika mtambo wenye joto la kuyeyusha chuma, kwa mgandamizo uushindao ule wa hewa tunayovuta zaidi ya mara 50,000, wakapata almasi ndogo ndogo. Siku hizi iko na njia ya pili. Kipande chembamba cha almasi huwekwa chomboni kama mbegu, kisha huingizwa gesi yenye kaboni. Gesi ikipata joto kali huvunjika, na kaboni hutua juu ya ile mbegu tabaka kwa tabaka. Kwa majuma machache jiwe limekua.

Jiwe hilo lina ugumu ule ule, uzito ule ule, na mng'ao ule ule. Kile kidude cha mkononi kinachopima jinsi joto lipitavyo katika jiwe huitenga almasi na kioo, lakini hakiwezi kuitenga almasi ya mtambo na ya mgodini. Kwa kazi hiyo hutakiwa vyombo vya wataalamu, vyenye kuonyesha jiwe lilikua namna gani. Mwaka 2018 tume ya serikali ya Marekani isimamiayo haki katika biashara ililiondoa neno "asilia" katika maelezo yake ya maana ya almasi, kwa sababu si lazima tena jiwe litoke ardhini ili liwe almasi.

Basi, neno "bandia" tulitumie wapi? Kioo kikiuzwa kwa jina la almasi, hicho ni bandia. Lakini almasi ya mtambo ikiuzwa kwa jina la almasi ya Mwadui, uongo haumo katika jiwe. Umo katika kinywa cha muuzaji. Tukichanganya mambo hayo mawili, twamwachia mdanganyifu aende zake, nasi twabaki kuligombeza jiwe.

Wala sisi si wa kwanza kujificha nyuma ya neno hilo. Watu wa Ghuba, wa Bahrain na Kuwait, waliishi miaka mingi kwa kupiga mbizi baharini kutafuta lulu. Mwaka 1893 Mjapani Mikimoto alifaulu kumfanya chaza azae lulu kwa kupandikizwa. Wafanya biashara wengi wa Ulaya wakasema, lulu hizo ni za uongo. Lakini wanawake walizinunua, na katika miaka ya 1930, wakati biashara ya dunia nzima ilipokuwa imeanguka, kazi ya wapiga mbizi wa Ghuba ikaporomoka, isisimame tena kama zamani. Kuiita lulu ya Japani ya uongo hakukumlisha mtoto wa mpiga mbizi hata mmoja.

Sasa mtu atauliza: ikiwa jiwe ni kaboni tu, kwa nini likawa ghali? Tuutazame mwaka 1947. Mwaka huo lilipatikana Mwadui jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5, naye John Williamson, Mkanada aliyeuvumbua mgodi ule mwaka 1940, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Likakatwa likawa karati 23.6, likatiwa katika pambo lenye umbo la ua. Mwaka ule ule, Marekani, mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety aliiandikia kampuni ya De Beers maneno machache ya kuwasadikisha watu ya kuwa almasi hudumu milele, kama mapenzi yapasavyo kudumu. Wahenga wetu walisema, chanda chema huvikwa pete. Matangazo yale yakaongeza, pete pasipo almasi si pete. Hivyo bei ya jiwe ilikaa juu ya nguzo mbili: uhaba wake, na mioyo ya watu wa mbali waliofundishwa kulitamani.

Mtambo umeitikisa nguzo ya kwanza, na ya pili imeanza kuinama. Mwezi Juni 2023 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipozuru Marekani, alimpa Jill Biden, mke wa Rais wa wakati huo, zawadi ya almasi ya karati 7.5 iliyotengenezwa kwa mtambo nchini India. Mwaka 1947 zawadi ya wakubwa ilitoka Mwadui. Mwaka 2023 ilitoka kiwandani, wala mpokeaji hakuona haya. Kampuni ya De Beers yenyewe ilianza mwaka 2018 kuuza almasi za mtambo kwa dola 800 karati moja, ili watu wazione kuwa ni vitu vya bei ndogo. Lakini watengenezaji wa India na China waliongezeka, bei ikazidi kushuka, na mwaka 2025 De Beers ikatangaza kuifunga biashara hiyo.

Tuje katika neno la pili, la usafi. Wauzaji wa almasi za mtambo hupenda kusema ya kuwa jiwe lao halikuharibu ardhi ya mtu. Sisi wa Maganzo hatuwezi kulikana jambo hilo lote. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba ya vijiji vya jirani. Asemaye ya kuwa mgodi hauna madhara, na aende akaulize huko.

Walakini mtambo nao hula, na chakula chake ni umeme. Huko India na China sehemu kubwa ya umeme hutokana na makaa ya mawe. Moshi hauonekani katika pete, lakini ulitoka. Mwaka 2019 tume ile ya Marekani iliwaandikia wauzaji kadhaa barua ya kuwaonya, wasijisifu kwa usafi pasipo ushahidi. Basi tusikubali neno "safi" kabla ya kuuliza moto ulitoka wapi, wala neno "chafu" lisitumiwe ili kutufanya tuone haya kwa kazi ya mikono yetu. Kila upande na uonyeshe hesabu yake.

Neno la tatu ndilo lililo baya kuliko yote: ya kwamba hayatuhusu. Mzee mmoja alitujia nyumbani jioni, akaketi kitambo asinene, kisha akasema: "Mwalimu, kijana wangu ataka kuacha masomo akachekeche mchanga. Mwambie wewe, mimi hanisikii." Tukamjibu: "Baba, mlete." Kijana akaja. Tukamweleza ya kuwa bei ya mawe madogo inashuka. Naye, kwa adabu yote, akatujibu: "Lakini mwalimu, wewe ulitufundisha ya kuwa zile za mtambo ni bandia. Watu wakishajua, si watarudi kuzitaka zetu?" Tulimwambia ya kuwa tulikosa. Pengine mtoto hasadiki kwa urahisi kosa la mwalimu linapokuja kusahihishwa siku ambayo yeye amekwisha kukata shauri. Aliondoka, na kiti chake ki tupu tuandikapo haya.

Ndiyo maana hatuwezi kuliacha jambo hili lipite kama mzaha wa barazani. Mwezi Oktoba 2022 almasi moja ya waridi iliyokatwa katika jiwe la Mwadui, karati 11.15 tu, iliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Habari hiyo kila kijana wa hapa aijua. Lakini ni wangapi wanaoijua ya pili? Mwezi Januari 2025 kampuni ya Petra ilitangaza kuziuza hisa zake zote katika mgodi wa Mwadui, nayo ilikuwa mwenye sehemu kubwa zaidi ya serikali, kwa bei isiyozidi dola milioni 16. Sababu za bei hiyo si moja, wala hatusemi mtambo peke yake ndio ulioileta. Lakini hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja zasema wazi: jiwe moja la ajabu laweza kupanda bei, hali kazi ya kila siku iliyolitoa inashuka. Naye kijana aendaye na chekeche huenda akiota lile moja, lakini jioni hula kwa mawe ya kila siku, akiyapata.

Nchi yetu imekwisha kuona jambo kama hili. Mwaka 1964 mkonge wetu ulizidi tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikajaa duniani, na pamoja na sababu nyingine, mavuno ya miaka ya 1990 hayakufika tani 40,000 kwa mwaka. Hakuna aliyeiita kamba ya plastiki "mkonge bandia". Ilifunga mzigo, ikawa rahisi, basi.

Hatusemi ya kuwa almasi ya Mwadui imekwisha. Wako, na labda watakuwako, watu wapendao jiwe lililolala ardhini kabla ya mwanadamu kuwako. Lakini mtu wa namna hiyo hununua asili ya jiwe, na asili hutaka ushahidi: limetoka shimo gani, limepita mikononi mwa nani, limeandikwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Madalali wetu waliozoea kuuziana gizani kwa kunong'ona wajue ya kuwa giza hilo sasa lamfaa mwenye jiwe la mtambo kuliko wao.

Nanyi msimuliao habari za maarifa mapya, walimu wenzetu kwanza, twawaomba neno moja. Kabla ya kukiita kitu bandia, ulizeni kimefanyika kwa nini na namna gani. Kisha ulizeni ni nani atakayekosa chakula kwa ajili yake. Aliyetufundisha hayo si mtaalamu wa ng'ambo, ni msichana wa darasa letu. Laiti tungalimpa nafasi ya kuuliza swali lake mapema, kabla wenziwe hawajayaandika maneno yetu katika madaftari!