Moyo wa Mwanariadha Haukuvimba

Katika tafsiri za maandishi ya afya na michezo zipitazo mikononi mwetu yamo maneno matatu ambayo hatuna budi kuyahoji: "kuvimba kwa moyo", "moyo mpana" na "udhaifu wa mapigo". Yote hutumiwa kueleza mabadiliko yaupatayo moyo wa mtu aliyeshika mazoezi makali kwa miaka mingi.

"Kuvimba" halifai. Kwa msemaji wa Kiswahili, kiungo kilichovimba ni kigonjwa. Hukandwa na kupakwa dawa. Mwaka 1899 tabibu Henschen wa Sweden aliwapima washindani wa kuteleza juu ya theluji kwa kuwagonga vifua kwa vidole, akaiona mioyo yao kuwa mikubwa. Hata yeye aliuhesabu ukubwa huo kuwa nguvu, si maradhi.

"Moyo mpana" nalo lakusanya mno. Moyo wa mkimbiaji wa masafa marefu hupokea damu nyingi kwa muda mrefu, na chemba zake hutanuka. Wa mnyanyua vyuma hushindana na shinikizo kubwa, na kuta zake hunenepa. Morganroth na wenzake walieleza tofauti hii mwaka 1975. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa mpaka wenyewe si mkali hivyo. Hata hivyo dhana ni mbili, na zadai istilahi mbili.

"Udhaifu wa mapigo" ndilo kosa kubwa kupita yote. Mapigo 40 kwa dakika kwa mwanariadha aliyepumzika ni machache, si dhaifu, maana kila pigo husukuma damu nyingi zaidi.

Kwa hiyo twapendekeza "moyo wa mwanariadha" kwa hali nzima, na chini yake "utanukaji wa chemba", "unenepaji wa kuta" na "uchache wa mapigo". Pengine msomaji atauliza: je, kuta hazinenepi kwa ugonjwa pia? Hunenepa, na ukuta uzidio milimita 12 humtia daktari shaka. Hapo na iongezwe sifa: "unenepaji wa maradhi".

Jambo hili si la kamusi tu. Unenepaji wa maradhi umewaua vijana ghafla viwanjani. Neno moja likibeba hali zote mbili, kijana mzima ataacha mbio kwa hofu, na mgonjwa ataambiwa akimbie.